Mbwaa Haichimbiki

Muulize mzee wa Nkubu Wameru walitoka wapi, atakwambia Mbwaa, kisiwani, walikotumikishwa na Nguo Ntuni, watu wa mavazi mekundu. Atakusimulia mitihani waliyopewa ili washindwe. Mmoja ulikuwa kutengeneza kiatu chenye manyoya juu na chini. Wakakata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Kisha wakatoroka. Waliovuka maji usiku wakawa Njiru, wa alfajiri Ntune, waliokutwa na jua Njeru, na koo zingali zikijipanga hivyo.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwaka 1969 na 1970, aliielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Manda alikuta mji uliostawi tangu karne ya 9, wenye vyombo kutoka Uajemi na China. Alama ya Mmeru haikuonekana. Lakini mtu anayetoroka na roho yake ataacha alama gani?

Jibu hilo, kwamba hataacha yoyote, ni tamu mno, ndiyo maana halitulii vizuri moyoni mwangu. Simulizi isiyodhuriwa na shimo tupu haiwezi pia kujivunia shimo lililojaa. Tofauti na hiyo, saga, simulizi za kale za Aislandi, zilitaja nchi iliyo magharibi mwa Greenland, watu wengi wakazichukulia ngano, hadi mwaka 1960 mkazi wa L'Anse aux Meadows, Kanada, alipomwonyesha mpelelezi Helge Ingstad, Mnorwe, matuta yaliyofunikwa nyasi. Mkewe, mwanaakiolojia Anne Stine, akaongoza uchimbaji. Kikapatikana kijiwe cha mviringo chenye tundu katikati, cha kusokotea sufu. Mwaka 2021 vipimo vya mbao vikaonyesha miti ilikatwa mwaka 1021. Saga zilikuwa zimejiweka mahali pa kuumbuliwa, nazo hazikuumbuka.

Ila saga hizo hizo ziliwaita wenyeji Skræling, kwa dharau, na kijiwe cha sufu hakiwatetei. Sisi nasi tuna Wagumba: wafupi, waliishi mashimoni, wakatoweka. Hayo tunayasema sisi tuliobaki na ardhi. Aari Siiriäinen, Mfini, alichimba Gatung'ang'a, upande wa Nyeri, akitafuta ukweli wao, akakuta makazi ya zama za chuma.

Mimi ningepewa jembe nisingekwenda Manda. Mbwaa ina wasimulizi wa kutosha, na makundi matatu ya koo za kuitunza. Ningeanza na mashimo ya Wagumba kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kabla hayajasawazishwa kupandwa chai.