Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye

Masomo: Yakobo 1:19, Matendo 15:1–21



Tangu vyama vingi viliporudi nchini mwaka 1992, kila uchaguzi ukipita huacha makovu. Majirani wawili wamelima tumbaku mpaka mmoja, watoto wao wamebatizwa siku moja, lakini kwa sababu ya chama salamu imekatika. Na Jumapili wote wawili huja Mezani pa Bwana! Mtume Yakobo ametupa dawa: sikio litangulie, ulimi ufuate, na hasira ikae nyuma kabisa.

Wazee wetu waliijua dawa hiyo. Januari 1958, hapo jirani Tabora, TANU ilikutana kuamua juu ya kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi waliona hilo ni tusi, wakataka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliona kwamba kususa ni kuwaachia wengine viti. Mabishano yalikuwa makali, na kila upande ulikuwa na sababu zake. Lakini waliketi wakasemezana, hata mkutano ukakubali kushiriki. TANU ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata Uhuru.

Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake, ANC. Mwaka 1962 alishindana na Mwalimu katika uchaguzi wa Rais, akashindwa. Baadaye alirudi TANU.

Kanisa nalo lilipita njia hiyo. Kule Yerusalemu mitume na wazee walihojiana sana juu ya tohara ya watu wa Mataifa, wala Luka hafichi mabishano hayo. Lakini Barnaba na Paulo walipoeleza habari zao, mkutano mzima ulinyamaza ukawasikiliza. Ndipo uamuzi ukapatikana.

Angalieni, ndugu: kusikiliza si kukubali kila neno, wala si kuificha kweli kwa kisingizio cha amani. Aliyedhulumiwa ana haki ya kusema, nasi tuna wajibu wa kumsikia mpaka mwisho. Tukatae kumjibu mtu kabla hajamaliza, na kumhukumu kwa rangi ya shati lake.

Basi juma hili kila mmoja wetu amwendee ndugu mmoja wa chama kingine. Mwulize, "Ni jambo gani linalokuumiza?" Kisha nyamaza. Akiisha kusema, yarudie maneno yake kwa haki, hata yeye mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Hapo ndipo ujibu. Nasi Jumapili tutakapopeana mkono wa amani, usiwe desturi tupu.

Bwana atufungue masikio, atulinde ndimi zetu, atufanye tena kuwa ndugu. Amina.