Jiwe Lile Lile

Mtoto wa dada yangu aliegemeza mfuko wa kobalti kwenye ukuta wa jikoni, akavua ndala, akasema: "Mjomba, leo wanunuzi hawataki hata kuupima." Nilichukua donge moja: jeusi, lenye kung'aa buluu kidogo, zito kuliko linavyoonekana. Machi 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000 kwenye soko la London. Mwaka uliofuata ikashuka hadi karibu theluthi yake. Februari 2025 serikali yetu ya Kongo ikasimamisha kuiuza nje, maana ilikuwa imefurika sokoni. Jiwe lenyewe halijabadilika.

Ndiyo maana hapa Likasi swali hili haliniachi: thamani ni ya jiwe, au ya hamu ya anayelitaka? Mgodi wa Shinkolobwe, ulio jirani yetu, ulitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945. Hamu ile ilizaa mauti. Naamini Mungu aliumba jiwe. Bei tumeiweka wanadamu, na tutaulizwa. Mikono ya kijana huyu, iliyojaa nyufa, haishuki thamani mbele Zake.

Usiku tulikula bukari, ugali wetu, na matembele. Mfuko ulibaki pale ukutani.