Je, kinyago cha mbao kinachotwanga kichomwe moto?

Wapo miongoni mwetu ambao jibu lao la kwanza kwa kila kitu wasichokizoea ni "choma". Hapa Tunduma kuna kijana, fundi wa malori, aliyejitengenezea nyumbani kwake kinyago cha mbao: mwanamke mwenye kinu na mchi, kasimama juu ya kisanduku. Ukizungusha hendeli ya pembeni, gurudumu lenye nundu lililomo ndani linasukuma kijiti juu, mchi unapanda. Nundu ikipita, mchi unashuka. Hakiuzi. Ni burudani yake ya Jumapili, kwa msasa, gundi na mabaki ya mbao za seremala. Baba yake mkubwa amemwamuru akichome, kwani huko ni kushindana na uumbaji wa Allah (s.w.). Swali likaletwa kwangu baada ya darasa.

Ndugu zangu, hadithi zinazowakemea watengeneza sanamu ni sahihi, na wanazuoni wengi wamekataza sanamu kamili ya chenye roho. Hilo sina ubavu wa kulipunguza. Wanaomtetea kijana humtaja Al-Jazari, mhandisi Mwislamu wa Diyarbakir, katika Uturuki ya leo, ambaye mwaka 1206 alikamilisha kitabu chake cha mitambo, ikiwemo saa ya tembo yenye vinyago vinavyojongea kwa nguvu ya maji. Tujivunie, lakini kazi ya mhandisi si dalili ya kisharia. Wengine hutaja wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na yule farasi mwenye mbawa za matambara aliyemchekesha Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Daud. Wanazuoni wengi wameichukua hiyo kuwa ruhusa ya watoto. Fundi wetu ana ndevu.

Sasa tumwambie achome na tumalize? Imepokewa na Bukhari kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake ni kutengeneza taswira kwa mikono yake. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume (s.a.w.), yule mtu akafadhaika mno. Hakumwacha hapo. Alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Yaani alikataza kazi moja, mikono akaiachia kazi nyingine. Nusu hii ya pili ndiyo masheikh wetu huisahau. Nilimjibu kijana vivyo hivyo: mwondoe mwanamke, hendeli na gurudumu vibaki. Mji huu una malori yanayopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, una treni ya TAZARA, una mashine za kusaga. Mbozi kuna mashine za kumenya kahawa. Vyote hivyo vinazunguka, na hakuna chenye roho.

Ila na wazee nao watujibu. Madukani mwetu, mengine ya Waislamu wenzetu, imejaa midoli ya plastiki kutoka China, inayolia na kutembea kwa betri. Utaambiwa ni ya watoto. Mbona nimeiona imepangwa kwenye makabati ya sebuleni, na hakuna aliyeambiwa achome? Au haramu ni ile tu iliyotoka kwenye mkono wa fundi wetu wenyewe?

Hoja ya kwamba anapoteza muda nayo nimeisikia. Saa tatu za kusawazisha gurudumu, kisha Alasiri akaiwahi msikitini. Aliyezimalizia saa hizo kwenye kibanda cha kubeti mpira tunamwamkia njiani kama kawaida.