Hakimu na Jirani Zake

Mara nyingi hudhaniwa kuwa hakimu mwema ni yule asiye na ndugu wala rafiki mahali anapohukumu. Katika jiji kubwa dhana hiyo yaweza kufuatwa, kwani hakimu hutoka mahakamani akapotea katika umati. Lakini katika mji mdogo, wenye soko moja na stendi moja ya mabasi, hakimu hana pa kupotelea. Aliyemhukumu asubuhi atamkuta dukani jioni, na mkewe atapanga foleni ya maji pamoja na mke wa mfungwa. Swali letu basi ni hili: je, mtu aweza kuwahukumu kwa haki watu anaoishi nao? Na yule aliyeshindwa ana haki ya kumdai hakimu kitu gani?

Ili swali hili lisibaki hewani, tumfikirie hakimu wa Mahakama ya Mwanzo wa miaka ya 1980, katika mji wowote mdogo wa nchi yetu. Alikwenda vitani mwaka 1978, akarudi salama, akasomea sheria, akapewa kiti cha hukumu. Naye ni mume na baba wa watoto. Hatumpi jina, kwa kuwa tunamfanya kielelezo tu.

Sheria ilimweka karibu na watu kwa makusudi. Wakati wa ukoloni watemi na maliwali wengi walikuwa watawala na mahakimu kwa pamoja. Aliyesimamia kodi ndiye aliyemhukumu asiyelipa. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziondoa mahakama za wenyeji zilizorithiwa kutoka enzi hizo, na mahali pake pakawekwa Mahakama za Mwanzo. Humo mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Sheria mpya ya mwaka 1984 iliagiza hakimu aketi na washauri wasiopungua wawili, ambao kwa kawaida walikuwa wazee wanaojua mila na mwenendo wa mahali. Ni dhahiri kwamba hakimu huyu hakutakiwa awe mgeni kwa wale anaowahukumu.

Tuangalie kwanza vita vilimfundisha nini. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua na kupora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wanajeshi wetu pamoja na mgambo waliacha makwao wakaenda kuikomboa ardhi hiyo. Kampala ikatekwa Aprili 1979, na vita vikaisha Juni mwaka huo. Vitani adui hujulikana kwa upande aliosimama, amri hutoka juu, na ushindi hukata shauri. Mahakamani mambo hayo matatu hugeuka. Mdai na mdaiwa ni raia wa nchi moja; hapana ofisa wa kumwamuru hakimu amtie nani hatiani; na hukumu ikishasomwa, wote wawili watarudi nyumbani kwa njia ile ile. Askari akikalia kiti cha hukumu na vita vyake moyoni, atamwona kila mshtakiwa kuwa ni adui. Lakini yupo askari aliyejifunza mengine huko mstari wa mbele: kwamba hofu humfanya hata msema kweli agugumie, na kwamba nchi aliyokuwa tayari kuifia ni hawa hawa wanaogombania mpaka wa shamba na mbuzi aliyekula mahindi.

Pili, tutazame nyumba yake. Damu ni nzito kuliko maji, na shemeji huja usiku na jogoo kwapani, akisema amekuja kusalimu tu. Tusimcheke shemeji huyo, kwani katika mila zetu mgeni hazuiwi mlangoni, na kukataa zawadi huonekana kama tusi. Hapo hapana budi hakimu atenganishe mambo mawili: amkaribishe shemeji kwa heshima zote, amrudishie jogoo wake, kisha ajitoe katika shauri lake ili lisikilizwe na hakimu mwingine. Kwa kujitoa anakiri kwamba undugu una nguvu. Hakimu asemaye kuwa undugu haumgusi ni wa kuogopwa zaidi. Wahenga walipoonya kwamba kesi ya nyani isipelekwe kwa ngedere, walikuwa wanamjua mtu wa namna hiyo.

Lakini kuna kishawishi kikubwa kuliko jogoo, nacho ni tamaa ya kuamkiwa kwa furaha na kila mtu. Sisi ni watu wa suluhu, na suluhu ni hazina ya utamaduni wetu. Hata Katiba, katika ibara iliyoongezwa mwaka 2000, inaziagiza mahakama kukuza usuluhishi. Ila ibara hiyo hiyo inaziagiza zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Maagizo haya mawili huwa magumu kuyapatanisha pale ambapo wagomvi hawalingani nguvu. Mke aliyepigwa huambiwa na wazee wakayamalize nyumbani, naye huitikia kwa kuwa hana pa kwenda. Je, hiyo ni suluhu? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha tamka kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe ili kumwadhibu, wala mke mumewe. Hakimu anayeyakubali mapatano hayo ili mtaa utulie, anajinunulia amani kwa mali ya mtu mwingine. Kwa maoni yetu kipimo ni kimoja: suluhu ni ya haki iwapo mnyonge angeweza kuikataa bila hofu.

Basi aliyeshindwa amdai hakimu nini? Hawezi kudai upendeleo. Aweza kudai asikilizwe hadi mwisho, aelezwe sababu za hukumu kwa maneno anayoyaelewa, na aoneshwe njia ya rufaa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la mwanamke aliyeachwa, aliyedai fungu katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Wengi waliamini kwamba kupika, kufua na kulea si kuchuma. Mahakama ikatamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Mwanamke mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona ametapanya fedha alizokuwa amepewa na mumewe. Yeye alishindwa, lakini hoja yake ilisikilizwa, ikawa msingi wa madai ya wanawake wengi waliomfuata.

Huenda msomaji akasema kwamba aliyeshindwa atanuna hata akielezwa sababu mia. Ni kweli, na hakimu hana budi kuvumilia kutoamkiwa. Mkewe na wanawe watavumilia pia, ingawa wao hawakula kiapo chochote. Deni hilo hawezi kuwalipa kwa kupindisha hukumu. Aweza kuwalipa kwa kuwasikiliza nyumbani kama anavyowasikiliza watu mahakamani. Mwalimu anayeamua ugomvi wa wanafunzi na kiranja anayeandika majina ya wakorofi wanalikuta jambo hili kila siku, kwa kipimo chao. Nao wajiulize: je, yule niliyemshinda leo, kesho akiwa na haki ataniletea shauri lake bila kusita?