Daftari la Siku ya 30

Wanangu, kaeni. Kwa harusi ya Ijumaa mmekutana jioni tatu mfululizo, na mweka hazina kampigia kila mwenye ahadi. Harusi siikatai, hata mimi nimetoa changu. Ila barua ya madaktari wetu wanaoomba mchango wa utafiti wa upasuaji iko hapo mezani wiki ya sita sasa, na mmeweka birika juu yake. Nimechoka kulisema jambo hili. Nitalisema tena.

Mnajua nilifanya kazi thieta miaka mingi. Kila mgonjwa tulimwandika: jina, umri, aina ya upasuaji, aliyepasua, aliyetoa dawa ya usingizi. Safu ya mwisho ilikuwa ya hali ya mgonjwa. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji nilimwandika "ametoka salama" kwa kalamu yangu mwenyewe. Siku ya 12 mumewe akamrudisha kwa baiskeli, mshono umefumuka, khanga imegandia kidondani. Tulimsafisha, tukamshona upya, akapona. Daftarini alibaki vilevile, "ametoka salama". Na waliofumukiwa na mshono nyumbani wasirudi, nani aliwahesabu?

Hiyo ndiyo kazi ya fedha ya utafiti: vocha ya kumpigia mgonjwa siku ya 30, nauli ya muuguzi kumfuata asiye na simu, posho ya mtu wa takwimu. Hakuna jengo la kufungua wala utepe wa kukata, ndiyo maana mchango wake haumvutii mtu.

Msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi ya thieta katika hospitali 8 za miji 8. London na Toronto zilikuwamo, na Ifakara yetu ilikuwamo. Ni karatasi ya kusomwa kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, antibiotiki ameshapewa? Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mwaka 2022 yakatoka majibu ya jaribio la nchi 7, Rwanda ikiwemo, lenye wagonjwa zaidi ya 13,000. Timu ilibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, basi. Vidonda vilivyoingiwa na maambukizi vikapungua kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Nilipoisoma habari hiyo niliitazama mikono yangu. Matumbo mangapi tuliyafunga kwa glavu zilezile zilizoshika utumbo! Hatukuwa wazembe, wanangu. Hapakuwa na aliyelipima jambo lile akatuambia.

Fedha za jaribio hilo zilitoka Uingereza, na nawashukuru kwa moyo. Lakini mwenye fedha ndiye mwenye swali. Swali la mshono wa mama anayepakiwa kwenye bodaboda siku ya tatu na kurushwa njia nzima ya makorongo, aliyeko London ataliulizaje?

Wala sisemi mtoe kwa kufumba macho. Ombeni kuona kibali cha maadili. Waulizeni kama matokeo yatatangazwa hata yakiwa ya aibu, na kama yatasomwa hapa, kwa Kiswahili, mbele ya waliopasuliwa. Wakisita, rudisheni mikono mifukoni.

Sasa ondoeni birika. Ukurasa wa pili, mahali walipoandika nauli, nisomeeni kwa sauti. Macho yangu hayafiki tena.