Kiti Nilichokikuta

Nikiwaambia watu wa nyumbani Tanga kwamba nasoma shahada ya uzamili katika Africana, yaani masomo ya Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika popote walipo, na kwamba chuo chenyewe kiko Marekani, wengi hucheka. Mwafrika anavuka bahari kwenda kufundishwa Afrika? Swali hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni jingine: kiti ninachokalia darasani ni cha nani, na anayekikalia anadaiwa nini?

Maana kiti hicho kilipiganiwa. Novemba 1968 wanafunzi weusi wa San Francisco State, chuo cha umma huko California, waligoma pamoja na wenzao wa jamii nyingine zilizobaguliwa. Mgomo ulidumu hadi Machi 1969. Polisi waliingia chuoni, mamia ya watu wakakamatwa. Mwishowe chuo kikakubali kuwa na idara ya masomo ya watu weusi, ya kwanza nchini humo. Mwanasosholojia Nathan Hare, aliyeajiriwa kuiandaa, hakuongezewa mkataba. Ikapita karibu miaka 20 kabla programu ya kwanza ya uzamivu haijaanza, mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia.

Na neno "umma" lina historia yake. Juni 1963 gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kikuu cha jimbo lake kuwazuia Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe. Chuo hicho kiliendeshwa kwa kodi, na weusi wa Alabama walilipa kodi kama wengine. Walichangia gharama za mlango ambao hawakuruhusiwa kuupita.

Mimi sikugoma. Nilikuja kwa viza, na ada yangu inalipwa kwa kazi ya kuwafundisha Kiswahili wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hapo ndipo deni linapopata sura.

Wengi wa wanafunzi wangu ni weusi waliozaliwa Marekani. Maneno yao ya kwanza ya Kiswahili waliyapata kwenye Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Wanajua kwamba wengi wa mababu zao walichukuliwa Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, mbali na pwani yetu. Kizazi cha wazazi na babu zao kilikichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja. Kwao ni lugha ya uhuru.

Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba lugha hii hii ilisemwa katika misafara iliyoshusha mateka Bagamoyo na Kilwa, na katika soko la watumwa la Unguja lililofungwa mwaka 1873. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Je, niwaambie?

Rafiki zangu wawili, Waafrika kama mimi, wanasema niache. Hawa wamenyang'anywa mengi, wanasema. Walichojichagulia wenyewe usikitie doa. Tena, wapo watu wanaosubiri habari za soko la Unguja ili waseme, "Mnaona? Hata ninyi mliuzana," kana kwamba hilo linafuta merikebu za Atlantiki, zilizopakia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 12 na nusu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Ukweli unaweza kutumiwa vibaya na asiyeutafuta.

Lakini namrudia yule aliyegoma mwaka 1968. Alidai nini? Alikuwa amechoka kufundishwa historia iliyokatwa vipande na watu walioamua kwa niaba yake nini anafaa kujua. Nikimfichia mjukuu wake habari za Unguja kwa sababu namhurumia, nimefanya kazi ile ile ya chuo kilichomlazimu agome. Huruma ya namna hiyo humgeuza mtu mzima kuwa mtoto.

Kwetu kuna methali: mwacha asili ni mtumwa. Utotoni niliisikia kama onyo dhidi ya kuiga wageni. Katika chumba hiki imegeuka. Mbele yangu wameketi wajukuu wa watu ambao asili hawakuiacha; waliporwa, kwa sababu walifanywa watumwa. Methali imetanguliza matokeo ikayaita chanzo. Nisingeliona hilo Tanga, na waliolipia mimi kuliona ni hao hao wanaonisikiliza.

Ndiyo maana kiti hiki nakiita amana. Kuzaliwa Afrika hakukunipa umiliki wake, na kuzaliwa mbali na Mississippi hakunifukuzi. Amana hutunzwa, na hurudishwa nzima, bila kupunguza hata kipande kinachomwaibisha mtunzaji.

Basi nikifika kwenye neno "uhuru", ambalo wanafunzi wote hulipenda, naeleza kwamba katika pwani yetu ya zamani mtu huru alikuwa mtu asiye mtumwa, na kwamba wapo waliokuwa wakilitamka huku wakiwamiliki wenzao. Kisha naacha waulize, na kipindi huisha maswali hayajaisha.