RAMADHANI 1446, DARASA LA SIKU YA 14: UJI HAUJAFIKA, ZIMEFIKA KELELE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Allah azikubali funga zetu na atusamehe mapungufu yetu.

Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Akasema: "Ustadhi, nafanya ukarabati nyumbani. Nimebomoa ukuta, naongeza chumba, fundi anakata tailizi. Jirani analalamika kelele. Lakini kiwanja ni changu, na hela ni yangu. Yeye ana haki gani?"

Nikamwambia, nipe siku mbili nitakujibu kwenye darasa. Sikusema hivyo kwa sababu jibu ni gumu. Nilisema hivyo kwa sababu swali lake limenigusa mimi mwenyewe. Kwa hiyo leo naanza na kosa langu, kisha tutaingia kwenye dalili.

Mwaka jana nilikuwa naongeza chumba cha wageni. Nilitaka kiishe kabla ya Ramadhani, lakini mnajua ujenzi wa kwetu: leo saruji ipo, kesho fundi kapata msiba. Ramadhani ikatukuta bado. Nanyi mnajua Mbinga mwezi wa Machi, mchana mvua. Fundi naye amefunga. Akaniambia, "Shehe, tupige kazi usiku baada ya tarawehe, mwili una nguvu." Nikaona ni wazo zuri. Tukafunga taa, kazi ikaanza saa tatu usiku mpaka karibu saa sita. Nyundo, kuchimbua sakafu, na ile grinda ya kukatia tailizi ambayo ukiisikia meno yanauma.

Ukuta wa jirani yangu uko hatua chache tu kutoka hapo. Ni mzee wa Kimatengo, Mkatoliki, tumeishi naye miaka mingi bila neno baya. Usiku wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu kimya. Nikajipa moyo: angekuwa anakereka angesema.

Siku ya nne, jua linakaribia kuzama, namwona anakuja na fimbo yake. Nikafurahi, nikajua kaja kufuturu nasi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee, karibu futari." Akaitikia, akakaa, akatazama chini kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya upole:

"Shehe, kila mwaka mfungo ukianza unatuletea uji. Mwaka huu uji haujafika. Zimefika kelele tu."

Jamani. Nilitamani ardhi inifunike.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema mkewe alikuwa ametoka hospitali wiki ile, amefanyiwa upasuaji, na usiku ndio alikuwa akijaribu kupata usingizi. Alitaka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaacha. "Niliogopa watu watasema nawaingilia mfungo wenu."

Ndugu yangu, hilo neno la mwisho ndilo lililoniumiza kuliko yote. Mzee wa watu alinyamaza kwa kuiheshimu dini yetu. Mimi niliyesimama mimbarini nikafundisha haki za jirani, nikaitumia Ramadhani kama ngao ya kumuudhi. Na kimya chake nikakihesabu kuwa ni ridhaa! Tusidanganyane: jirani akikaa kimya haina maana kwamba ameridhika. Wengine wananyamaza kwa heshima, wengine kwa woga, wengine kwa sababu tu hawakuzoea ugomvi.

Sasa tuje kwenye swali la kijana wetu: jirani ana haki gani?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah ametuamrisha tumwabudu Yeye peke yake, kisha akataja wema kwa wazazi, ndugu, mayatima na maskini, akamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Wafasiri wengi wamesema jirani wa mbali anaingia hata yule asiye na udugu nawe wala si wa dini yako. Na katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba Jibril alimsisitizia jambo la jirani mpaka akadhani jirani atapewa fungu la urithi. Fikiria hapo: karibu awe mrithi!

Na tusiseme haki hiyo ni ya Waislamu kwa Waislamu tu. Swahaba Abdullahi bin Amru (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, alichouliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa, na akarudia kuuliza. Basi sisi hapa Mbinga, ambako ukigeuka kulia na kushoto wengi wa majirani ni Wakristo, tuna nafasi kubwa ya kuifanyia kazi hadithi hii. Na mwaka huu tena miezi imekutana: Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, sisi tukiwa ndio kwanza tumeanza Ramadhani. Nyumba yako inafunga, na ya jirani ina Kwaresima.

Ipo hadithi inayotisha zaidi kwa mwezi huu, ameipokea Abu Hurayra (r.a.) na imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Mtume alitajiwa mwanamke anayeswali sana, anayefunga sana, anayetoa sadaka, ila anawaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume akasema huyo ni wa motoni. Ikiwa ulimi peke yake umefanya hayo, grinda ya saa tano usiku je?

Sasa msikilize na upande wa pili, maana dini yetu ni ya uadilifu. Kujenga ni haki. Hapa kwetu mtu anajenga kwa hela ya kahawa, msimu huu tofali, msimu ujao bati, msimu mwingine lipu. Nyumba inachukua miaka. Hakuna nyumba iliyosimama bila nyundo. Mtume (s.a.w.) amekataza jirani asimzuie jirani yake kuchomeka boriti kwenye ukuta wake, na hadithi hiyo ni sahihi, imo Bukhari na Muslim. Kwa hiyo wewe unayesikia kelele za mchana kwa jirani, vumilia. Jiulize kwa ukweli: kinachokukera ni kelele, au ni bati jipya? Husuda nayo inaunguza funga.

Mizani ya mambo yote mawili ni ile kanuni ya Mtume kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuriana. Jenga, lakini usidhuru. Vumilia, lakini si lazima uugue.

Na dhara haipimwi kwa saa ya ukutani peke yake. Ndugu zetu wa ziwani wanalijua hili. Ukiwa Mbinga mjini unaweza kusema, "Mimi nagonga asubuhi, sina kosa." Lakini Mbamba Bay au Liuli jirani yako ni mvuvi wa usipa. Usiku wa giza anakesha ziwani na taa zake, alfajiri anarudi, asubuhi ndiyo usiku wake. Siku kama ya leo mwezi umejaa, taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mbalamwezi, basi wengi wamelala nyumbani usiku. Vivyo hivyo muuguzi wa zamu, mlinzi, mama mwenye kichanga, mwanafunzi wa mtihani. Huwezi kujua nani analala saa ngapi mpaka uulize. Kuuliza ni bure.

Na sisi wa misikitini tujitazame. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu. Akafunua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane na wasipandishiane sauti. Hiyo ni Qur'ani, tena ndani ya msikiti! Vijana wanaopita na madebe kuamsha watu daku saa nane usiku mtaa mzima, na sisi wenye vipaza sauti, tuifikirie hadithi hiyo.

Serikali nayo ina taratibu zake. Kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri, na kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira. Zifuate. Ila mambo ya majirani yakifika ofisini, mara nyingi hata anayeshinda amempoteza jirani. Yamalizeni kizingitini.

Mtauliza mimi niliishiaje. Usiku ule ule kazi ya usiku ilisimama. Kabla sijafuturu vizuri, uji ukatangulia kwa mzee, na mimi nyuma yake, nikamwomba radhi yeye na mkewe. Tulikubaliana: kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita, bibi akipumzika mchana hakuna nyundo. Tailizi zikakatwe huko huko kwa fundi, zije zimekatwa. Fundi hakupenda, akachukua kazi nyingine, nami nikamsubiri. Chumba kiliisha Shawwal. Wageni wa Idi walilala sebuleni chini kwenye mkeka. Hakuna aliyekufa kwa kulala chini.

Kazi ya kufanya leo, hasa wewe kijana uliyeuliza:

1. Kabla fundi hajaanza, nenda mwenyewe kwa majirani. Usimtume mtoto. Waambie ni kazi gani, siku ngapi, saa ngapi.
2. Uliza: kuna mgonjwa? Kuna anayelala mchana?
3. Usiku hakuna kazi ya kelele, hata kama umefunga. Funga ni yako, usingizi ni wa jirani.
4. Mchanga na tofali zisizibe njia yake, na vumbi usilielekeze kwake.
5. Kama umeshaudhi, omba radhi leo kabla ya magharibi. Na usiende mikono mitupu.

Ewe Mola wetu, usizifanye funga zetu kuwa njaa na kiu tu. Tusamehe tuliyowaudhi majirani kwa kujua na kwa kutojua, na uwape wao moyo wa kutusamehe. Wape shifaa wagonjwa wa nyumba zetu na za jirani zetu. Zijaze nyumba tunazojenga utulivu na baraka, na utujengee nyumba Peponi. Amin.

Tukutane kesho inshallah. Na jioni hii, kikombe cha kwanza cha uji kimpite jirani.

Wabillahi tawfiq.